Meli Inayotazama Mlango

Ukitaka kuingia kikanisa chetu cha Lanzeol, ufunguo uko kwa Jakeza, nyumba yenye madirisha ya buluu. Piga hodi tu. Atajifuta unga wa chapati mikononi, atakuja nawe. Wageni wakishaupanda mnara wa taa na kushiba chaza, humjia yeye. Miaka arobaini na moja sasa anautunza, na sijamsikia akimjibu mgeni jambo asilolijua. Hiyo ndiyo fahari yake.

Basi majira haya akaja fundi mashua kutoka Marseille. Akaitazama meli ndogo ya mbao inayoning'inia darini, ile waliyoitoa kwa shukrani mabaharia walionusurika na dhoruba zamani za mababu.

"Mama, mbona hii inatazama mlango? Nimezunguka vikanisa kumi na viwili vya pwani hii ya Bretoni, na kila meli omo yake, ile pua ya mbele, imeelekea altare."

Mimi nilikuwepo. Jakeza akamwambia atamtafutia jibu.

Swali likamkaa kooni kama mwiba wa samaki. Akatuuliza sote. Mmoja akasema ni desturi, mwingine akakumbuka ghafla kwamba ana sufuria motoni. Mwishowe akachukua ngazi, akamwita shemeji yake Goulven, mvuvi wa kaa, amshikie. Kule juu akaona kamba ya zamani ilivyoichubua boriti upande wa pili.

"Goulven! Hii iligeuzwa. Nani kaigeuza?"

"Shuka kwanza, shemeji."

"Sishuki."

"Haya. Ni wewe! Mwaka ule ulioolewa, ulipoishusha kuifuta vumbi. Mama alikuona, akatuapiza: atakayemwaibisha mke wa mwanangu, kwangu atakula viazi vitupu mpaka afe."

Lo! Jakeza akaikamata meli aigeuze.

"Thubutu!" Goulven akapaza sauti. "Tangu siku ile hakuna chombo cha hapa kilichoondoka kisirudi. Mwanangu yuko majini hivi sasa. Ukiigeuza, naiachia ngazi!"

"Na wageni niwaambie nini?"

"Waambie ulikosea. Si unapenda kweli wewe?"

Akaupapasa mlingoti. Kisha akaiacha ilivyo, akashuka taratibu, uso mwekundu kama kaa aliyechemshwa. Akazungusha macho kanisa zima.

"Na nini kingine nimekosea humu, mkaninyamazia?"

Goulven akakohoa, akaitupia jicho sanamu ya mtakatifu iliyo pembeni.