Moto Uliotupita

Nilitoka Bungoma, kwenye tambarare, nikaolewa mlimani juu ya Kapsokwony. Shamba letu liligusana na msitu. Asubuhi mawingu yalishuka hadi mlangoni, na ndani ya ule weupe mbega walinguruma kama watu wanaoota kwa sauti.

Kiangazi kimoja, miaka ya thelathini, mume wangu alichoma magugu apate kupanda wimbi. Upepo ukageuka. Tuliupiga moto kwa matawi mabichi hadi viganja vikatoka malengelenge, lakini ulitupita, ukaingia msituni, ukala mizinga yote ya nyuki ya mume wangu. 

Mwaka ule maboga yetu yalichanua, kisha vitoto vyake vikaoza.

"Ni nyuki," mama mkwe alisema. "Wamehama, maua hayana wa kuyatembelea."

Mvua ikanyesha. Kwenye majivu yakaota majani laini, na jioni pongo wakaja kuyala, wakitembea polepole kama moshi. Mume wangu akachukua jembe.

"Hapa sasa ni shamba," alisema.

Mama yake akasimama mbele yake. "Baba, umechoma nyumba ya wenyewe, nyuki na ndege. Si ungoje kwanza uone kama watarudi?"

Akaliweka jembe chini. Nadhani ni aibu tu.

Basi tukangoja. Vichaka vikafunika majani, pongo wakapotea. Ndege wenye mabawa mekundu wakaanza kutua vichakani, na pale walipodondosha mbegu ikachipua miche. Kila mwaka ilikuwa kana kwamba nimeamka mahali pengine bila kuhama. Nyuki walirudi mwaka ambao kifungua mimba wetu alianza shule. Walifuata maua meupe ya vichaka vile, na maboga yakazaa tena.

"Msitu umerudi, mama," nilimwambia mama mkwe siku moja tukiokota kuni.

"Si ule. Mizeituni mikubwa ya mwituni haitarudi nikiwa hai. Huu ni mwingine."

Akanishika mkono, akanitajia mti mmoja mmoja kwa lugha yake. Tulipofika kwenye mche mmoja wenye majani mapana, akasimama.

"Huu siujui. Ndege wameutoa wapi?"

Niliujua. Ulikuwa nyuma ya jiko la mama yangu, Bungoma. Nikautaja kwa lugha ya kwetu. Mama mkwe alilijaribu jina hilo mara tatu, ulimi ukimteleza, tukacheka hadi kuni zikaanguka.