Thirza ana Majani, Dada Yake ana Ng'ombe

TARANAKI, Septemba 1896

Saa kumi na moja alfajiri Thirza Bidgood ameshaketi kwenye kigoda, paji la uso limegusa ubavu wa ng'ombe, na maziwa yanalia kwenye ndoo. Nje mvua inanyesha kama kawaida yake. Banda lina ng'ombe ishirini na wawili, na kila mmoja amepigwa chapa ya moto kitakoni: herufi K.

K ni Kezia. Kezia Hosking, dada yake wa tumbo moja.

"Naiona hiyo K kabla sijaona jua," anasema Thirza, bila kuacha kukamua. "Andika, bwana mwandishi. Andika kwamba nina wivu. Watu wote wa njia hii wanajua, ya nini kuficha?"

Ardhi anayoikanyaga ni yake mwenyewe, ekari arobaini zenye chemchemi isiyokauka. Ng'ombe ni wa Kezia. Thirza anakamua, anapeleka maziwa kiwandani kwa gari la farasi, na pensi tatu wanazolipwa kwa kila galoni wanagawana nusu kwa nusu. Mumewe, Amos, anakata miti kwa kibarua huko milimani na hurudi mara moja kwa mwezi.

Ilikuwaje? Majirani wanakusimulia kabla hujauliza, tena kwa kicheko.

Miaka miwili iliyopita mzee Trewin, aliyekuwa mwenye shamba hili, alihama, akauza kila kitu kwa mnada. Asubuhi shamba, mchana ng'ombe, mwisho vyombo. Thirza na Amos walikuwa wameweka akiba miaka kumi na mmoja. Hesabu yao ilikuwa safi: wasivuke pauni nne na nusu kwa ekari, fedha zinazobaki wanunue ng'ombe kumi na watano.

Kwenye nne na nusu, Kezia akanyanyua mkono.

"Alikuwa amevaa kofia mpya," Thirza anakumbuka. "Ana nyumba ya mbao yenye ghorofa, ana mume mwenye duka, sasa anataka na chemchemi yangu! Amos ananivuta gauni, 'Mama, basi, inatosha.' Nikamwambia niache. Nilichukua shamba kwa pauni sita kwa ekari. Sita! Nikamtazama Kezia nikacheka."

Kicheko hicho hakikufika jioni. Mchana mvua ilikuja kwa nguvu, wanunuzi wengi wakarudi makwao, na Kezia, ambaye fedha zake zilikuwa bado mfukoni, akachukua ng'ombe wote kwa bei ya kutupa. Thirza alibakiwa na fedha za kununulia ndoo mbili na kigoda.

"Nilikoma," anasema. "Watu wakinikuta barabarani, 'Vipi mama, leo umekamua majani galoni ngapi?'"

Kezia naye alikuwa na ng'ombe wasio na pa kula. Ndipo dada hawa wakapatana. Kwa mapatano hayo, ndama wote wa kike ni wa Kezia, isipokuwa mmoja kila mwaka, ambaye Thirza humchagua mwenyewe. Mwaka jana ng'ombe wachache waliozaa walizaa madume watupu. Leo ndiyo siku ya kuchagua.

Kabla Kezia hajafika, Thirza ananong'ona siri yake. Kiwandani maziwa yote yanamiminwa pamoja, kwa hiyo mwenye ng'ombe hajui yupi anatoa kiasi gani. Mkamuaji anajua. Malkia, mwekundu mwenye macho mazuri, anatoa galoni mbili kwa siku. Kombo, mwenye pembe iliyopinda na mbavu nje, anatoa nne.

"Nachukua wa Kombo. Ila nitaweza? Dada akimsifu Malkia mbele yangu, mimi huwa napoteza akili."

Saa tatu Kezia anaingia na mwavuli. "Haya mdogo wangu, chagua. Lakini wa Malkia usiniguse, tafadhali. Yule nimeshampa jina."

Uso wa Thirza unageuka mwekundu. Anamtazama ndama wa Malkia, anameza mate. Mkono unanyanyuka, unashuka. Kisha anaelekea kona ya zizi na kumshika ndama mwembamba wa Kombo, miguu nje nje.

"Huyu."

"Huyo?" Kezia anaangua kicheko, halafu anamwonea huruma kweli. "Jamani, Thirza, huyo si atakufa? Basi mchukue na wa Malkia pia. Nakupa. Zawadi."

Ndama wawili badala ya mmoja. Nani angekataa?

"Sitaki."

"Nakupa bure!"

"Ndiyo maana sitaki, dada. Nikimchukua, hata wajukuu zake wataitwa wema wa Kezia. Kaa naye."

Kezia anatoka bila kuaga. Mwandishi anamsindikiza hadi getini, na hapo Kezia anasimama, mkono juu ya mti wa uzio, akiangalia yale majani yanayofika magotini.

"Unajua nikipita hapa nageuza uso?" anasema taratibu. "Nina kila kitu, lakini shamba hili lilikuwa langu moyoni tangu nikiwa msichana. Usiku naota ile chemchemi. Usimwambie."

Mwandishi anarudi bandani. Thirza amepiga magoti, anamfundisha ndama wake kunywa, vidole viwili ndani ya maziwa. Anaeleza mpango wake: miaka minane, ng'ombe kumi na wawili, hapo Kezia aje awachukue wake. "Sitaki nyumba ya ghorofa. Nataka mara moja tu katika maisha haya, dada yangu anionee wivu mimi."

Kuna siri ambazo mwandishi hawezi kuzibeba. Anamwambia Thirza yale ya getini.

Ndama anaendelea kunyonya vidole vya Thirza.

"Alisema anaota?"

"Alisema hivyo."

"Usiku?"

"Usiku."

Anavuta kigoda, anakikung'uta kwa aproni, anakisogeza kwa mgeni.

"Keti hapa, bwana mwandishi. Anza mwanzo. Alishika uzio kwa mkono upi?"