Siku Ngosa alipobaki peke yake katikati ya Moero

Ilikuwa mwaka wa 1937. Hapana, ninadanganya: ni 1938, sababu Brigitte, mutoto wa kwanza wa Ngosa, alikuwa anaanza kutembea.

Ngosa alikuwa mufagiaji wa shemine, zile bomba ndefu za moshi, kwenye usine, kiwanda moja ya shaba, hapa Élisabethville. Kila asubui walimufunga kamba kwenye kiuno, wakamushusha mu masizi. Miaka kenda, kamba haikumudanganya hata siku moja.

Bon, alipopewa konje, mapumziko ya kazi ya siku kumi na ine, akapanda kamio, lori ya samaki mupaka Kilwa, kwa bakwe zake, kando ya ziwa Moero. Akaazima mutumbwi, akajifunga nao kwa kamba.

Kunda, kaka ya bibi yake Agnès, akacheka akashika tumbo.

"Shemeki, unajifunga kama mbuzi ya soko? Mu ziwa hamuna shemine! Na usipite yale majani marefu ya mu mayi pale mbele. Saa sita upepo unapiga kule, na muntu haendaka peke yake."

"Mimi ninashuka mu moshi, nitaogopa mayi?"

Akapita majani. Samaki ilikuwa mingi kweli, akasahau jua. Upepo ukamukuta mugongoni. Wimbi la kwanza likajaza mutumbwi, la pili likaupindua, ukamupiga mudomo, meno mbili zikatoka. Kila wimbi lilimuvuta chini ya mutumbwi, likamurudisha juu, likamubamiza tena. Kamba ikamuchuna ngozi ya tumbo, lakini haikumuachia. Akatapika mayi na damu.

Ndipo akaona mutumbwi mwingine. Kunda!

"Shemeki! Niko hapa!"

Kunda akakaribia. Ngosa akashika ukingo kwa mukono wa kuume, mutumbwi wa Kunda ukalala upande, mayi ikaingia.

"Achia!"

"Nitakufa, shemeki!"

"Achia, tutakufa bote!"

Kunda akainua kasia, akapiga vile vidole. Mara ya kwanza. Mara ya pili. Ya tatu, mifupa ikalia kama kuni kavu, mukono ukafunguka. Kunda akageuza, hakuangalia nyuma.

Ngosa na mutumbwi wake wakatupwa kwenye muchanga jua likielekea kuzama. Akatembea mupaka pa Kunda, mudomo umevimba, mukono umekuwa kama mukate. Kunda alikuwa anafungua mafundo ya wavu. Hakuinua kichwa.

Miaka ishirini wakakutana kwenye ndoa na kwenye matanga, wakakula sahani moja, na kila mara Ngosa alimuuliza pole pole:

"Shemeki, kama ningelikufa, ungelimwambia Agnès nini?"