Baba Niliyempa Shujaa wa Filamu

Nafundisha Kiingereza sekondari moja hapa Iringa, na tangu Jumamosi napita vichochoro vya Kihesa nikiwakwepa wazazi wa wanafunzi wangu. Siku hiyo, kwenye sherehe ya wazazi ukumbini, mkuu wa shule alinikabidhi kipaza sauti niwatafsirie wazazi filamu ya shujaa anayeruka angani, sehemu ya pili. Sikuwa nimewahi kuiona, na Kiingereza cha waigizaji wake kilinipita kwa kasi. Nikaona aibu kusema sielewi.

Shujaa alipoingia kwenye mtambo wenye mataa, nikatangaza, "Hiyo ni lifti ya hospitali. Anamfuata baba yake mgonjwa."

Akatokea mbele ya mzee mwenye mvi. Mzee akaanza kuongea, nami nikamwekea maneno: "Mwanangu nisamehe, nilikutelekeza ukiwa mdogo."

Mama mmoja wa mstari wa mbele akalia kwa kwikwi. Nikazidisha uchungu kwenye sauti.

Ndipo mzee akamshika shujaa bega, akasema polepole, "I am you."

Binti wa yule mama, mwanafunzi wangu wa kidato cha kwanza, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, amesema 'mimi ni wewe'. Ule mtambo umempeleka miaka ya mbele, amekutana na yeye mwenyewe akiwa kazeeka."

Mama yake akafuta machozi kwa khanga, akanigeukia.

"Kwa hiyo mwalimu, nimelia bure?"