Siku Zawadi Aliponinyima Maziwa

Mwanangu, hadi leo sijasahau waliyonisemea sokoni Sirisia niliporudi kutoka ng'ambo. Walisema nitafuga karatasi, si ng'ombe. Fundi mmoja wa baiskeli, mtu wa kupenda kuchekesha watu, akamalizia kwamba ng'ombe wa maskini hazai, na wangu nikimpata, akizaa atazaa dume. Nilicheka pamoja nao. Moyoni sikucheka.

Karatasi yenyewe ni diploma ya ufugaji, niliyojilipia kwa kuosha mabanda ya watu ugenini. Jasho langu, si la baba wala la mheshimiwa yeyote. Imening'inia sebuleni, ukija huwezi kuikosa.

Nilikodi shamba Endebess, ambako baridi ya Mlima Elgon hukuamsha kabla ya jogoo. Ng'ombe sikuwa naye. Mjomba wangu Simiyu wa Sirisia akaniazima ng'ombe wake Zawadi, kwa ule mpango wetu wa Bungoma: ng'ombe anabaki wa mwenyewe, mtunzaji anakunywa maziwa, akizaa mtamba, yaani ndama jike, huyo ni wa mtunzaji, na siku mtamba naye akizaa, mama anarudi kwao. Jirani yangu Mama Chebet akaniazima nyasi za nepia za kupanda, na mzee mmoja wa kanisa akaniazima mabati ya zizi. Usione vyaelea, vimeundwa, na mara nyingi vimeundwa kwa vya kuazima.

Zawadi akazaa. Dume. Sirisia ilicheka wiki nzima, na maneno yakamfikia Mjomba. Akatuma ujumbe kwamba Jumamosi anakuja na jamii yote, wajukuu saba wakiwemo, kutembelea hilo shamba la msomi. Akikuta ng'ombe wake amedhoofu au amekauka, anaondoka naye.

Basi nikajiandaa kama bwana harusi. Nilivaa koti jeupe, nikajipulizia manukato ya ng'ambo. Mke wangu Nasimiyu, ambaye ndiye aliyekuwa akimkamua Zawadi asubuhi na jioni, nikamtuma jikoni akapike chai. Nilitaka wageni waone kazi ya diploma. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi nilijisifu mwenyewe, nikakosa hata hayo maji.

Watoto walijipanga uani, wengine wamepanda ua. Niliwahubiria kuhusu kiwele na chuchu, kisha nikaketi kukamua. Nikavuta, nikavuta tena. Zawadi akageuza shingo, akaninusa, akapiga kwato chini. Ndoo ilibaki kavu kama nilivyoileta.

Mjukuu mdogo kabisa akamuuliza Mjomba, babu yake, "Kuka, kwani ng'ombe wa diploma anakamuliwa kesho?"

Watoto wakaangua kicheko. Mjomba hakucheka. Aliinuka polepole, akaanza kufungua kamba ya Zawadi.

Hapo ndipo Nasimiyu alipotoka jikoni na maji ya uvuguvugu, amejifunga ile leso yake kuukuu yenye harufu ya zizi. Aliweka kidole mdomoni, watoto wakanyamaza. Akakipangusa kiwele taratibu huku akiimba kwa sauti ya chini, wimbo wake wa kila siku. Zawadi akashusha masikio. Mara tukasikia maziwa yakipiga chuma, kisha yakipiga povu, mpaka ndoo ikajaa.

Mjomba akaifunga tena kamba. "Mpwa wangu," akasema, "wewe umesomea ng'ombe wote wa dunia. Huyu mmoja amesomewa na mke wako, nawe umemficha jikoni. Kamba hii naifunga kwa ajili yake, si yako."

Nilivua koti, nikaenda jikoni kumalizia kupika chai.

Tangu siku hiyo nilianza kuamka na Nasimiyu. Nilijifunza ule wimbo, ingawa sauti yangu ni mbaya na Zawadi alinivumilia tu. Uzao uliofuata ulikuwa mtamba, mwenye paji jeupe, na kutoka kwake lilianza kundi ambalo leo watoto wa shule za Kitale huletwa kulitazama. Nikiwazungusha, kwanza nawapeleka kwa Nasimiyu. Diploma wataiona baadaye.

Kwa hiyo nakushauri, mwanangu: soma, na ulichosoma kionee fahari, mimi sioni aibu kujisifu. Lakini kabla hujasimama mbele ya wageni, tazama ni nani anayeamka alfajiri kwa ajili ya sifa zako, umweke mbele. Mungu akupe mikono ambayo mnyama hataiogopa, na mwenzi ambaye hutathubutu kumficha.

Na siku ya kurudisha vya kuazima ilifika. Asubuhi Mama Chebet alipata nyasi zake na mzigo wa ziada, mzee wa kanisa akapata mabati mapya. Mchana tukamshusha Zawadi kwenye lori, tukaingia Sirisia, Nasimiyu mbele ameshika kamba yake, mimi nyuma na ndoo. Fundi wa baiskeli akasimama, spana mkononi, akauliza huyo ng'ombe mnono ni wa nani.

"Ni wa Mjomba," nikamwambia. "Wetu amebaki nyumbani, ananyonyesha."