Samli kwenye Kebo ya Kluchi

Mjukuu wangu akiosha kebo ya bodaboda yake kwa mafuta ya taa, harufu ile hunirudisha utotoni, nje ya Garissa. Majina ya wote waliokuwapo siku ile ninayo. Wacha yakae moyoni.

Mama alikuwa na uchungu wa kuzaa tangu usiku, na damu ilikuwa inatoka. Abti, kaka yake, alikuwa na pikipiki kubwa ya kumpeleka hospitali, lakini ukiachia kluchi kidogo tu ilishika ghafla na kuruka kama ngamia mkorofi. Asubuhi hiyo ilishamtupa yeye mwenyewe.

“Utamuua huyu njiani!” nyanya akafoka. “Umepaka nini hapa kwenye kebo ya kluchi?”

“Samli, hooyo,” abti akamjibu mama yake. “Si ni mafuta?”

“Samli ni ya nywele, wewe! Angalia, mchanga wote umelala humo.”

Nikashika bakuli la mafuta ya taa. Abti akachomoa kebo, akaiosha, akaitia oili mpaka ikateleza.

Mama akapandishwa, kichwa chake mgongoni kwa abti.

“Bismillahi,” abti akasema.

Ikaondoka taratibu, bila kuruka. Nikabaki na bakuli, nikisikiliza mlio mpaka ukaisha.

Hadi leo, pikipiki ikiingia uani, kwanza naangalia aliyeketi nyuma, kama ni mama.