Chai ya Mzee Chepyegon

Shida ya Mzee Chepyegon ilikuwa moja tu: watu walikuwa na adabu kupita kiasi mbele yake. Hakuna aliyewahi kumtukana. Hakuna aliyempandishia sauti sokoni Silibwet wala aliyebishana naye juu ya mpaka wa shamba. Akienda kuazima jembe, anapewa lile zuri, lenye mpini mpya. Lakini akimkaribisha mtu kwake chai, mtu huyo amekunywa tayari, sasa hivi tu, tumbo limejaa, asante sana mzee, siku nyingine.

Sababu kila mtu aliijua. Chepyegon alizaliwa katika ukoo wa watu wenye maneno mazito. Tangu zamani, Wakipsigis waliposhindwa kumjua mwizi au muuaji, waliwaendea wazee wa ukoo huo, nao wakapanda kilimani jua likitua, wakamlaani huyo asiyejulikana. Na mtu mwenye neno la namna hiyo unamheshimu kwa mbali, wala huweki kinywani kitu alichokimimina. Hata Rodah, mkewe, alimpata kwa posa ambayo haikupingwa na yeyote, na kwa miaka yote ya ndoa yao Chepyegon hakujua kama alipendwa, au kama baba mkwe aliogopa tu kusema hapana.

Ndiyo maana akaokoka. Tusidanganyane, na yeye mwenyewe hakuwahi kuficha: hakuingia kanisani kwa kuogopa moto wa jehanamu, aliingia kutafuta mtu wa kunywa naye chai. Alisimama mbele ya watu akakana maneno ya ukoo wake, akabatizwa mtoni meno yakigongana kwa baridi, akafagia na kupanga viti kwa miaka, mpaka akakabidhiwa chai ya baada ya ibada. Jumapili ya kwanza, Nicholas, mzee wa kanisa na mwenyekiti wa ushirika wa maziwa, alikunywa kikombe alichomiminiwa na Chepyegon, akafuta masharubu, akasema, "Ongeza." Chepyegon alimsimulia Rodah neno hilo njia nzima hadi nyumbani, kana kwamba Rodah hakuwepo.

Kingine alichokipenda ni darasa la Jumatano. Lilianzishwa na Pasta Osoro, kijana aliyezaliwa kwenye kambi ya wachuma chai, akasomea dini pamoja na falsafa. Alitaka Wakristo wajifunze kupima mambo ya siku hizi kwa akili. Walibishana kama mashine ya kuchuma chai inayowaondoa kina mama kazini ni dhambi, na kama ni dhambi, ni ya nani: ya mwenye mashine, au ya anayekunywa hiyo chai? Walibishana juu ya mahari ya msichana aliyezaa nyumbani. Pasta alipenda kuwaambia kwamba kichwa hakikuumbwa kwa ajili ya kofia peke yake. Chepyegon hakukosa hata Jumatano moja. Alikuwa akiuliza swali, halafu analigeuza na kuliuliza tena kwa upande wa pili, mpaka watu wanacheka. Walicheka pamoja naye, na hilo nalo lilikuwa geni kwake.

Kisha mota ya tangi la kupozea maziwa ikaibwa. Kesho yake maziwa ya kijiji kizima yaliganda, kina mama wakayamwaga mtaroni huku wengine wakilia. Askari walikuja, wakaandika, wakaenda.

Jioni, Nicholas alifika kwa Chepyegon pamoja na wanakamati wawili wa ushirika. Hawakuingia ndani. Walisimama karibu na zizi.

"Mzee, hatujakuja kama kanisa," Nicholas alianza. "Tumekuja kama watu ya maziwa."

"Na Jumapili mtakuja kama nani?"

Walicheka kidogo, kicheko cha watu wenye haraka.

"Hatutaki ulaani mtu," Nicholas alisema. "Sisi tumeokoka. Wewe sema tu utalaani. Hiyo si dhambi, ni maneno tu."

"Kama ni maneno tu, si useme wewe? Wewe ndiye mwenyekiti."

Nicholas alikohoa. "Yangu hawawezi ogopa."

"Baba Nelvine, kataa!" Rodah alimwita mumewe kutoka jikoni.

Angemsikiliza mkewe, tusingekuwa na habari ya kusimulia. Lakini maziwa yalikuwa yakimwagika, na mengine yalikuwa ya wajane wasio na kitu kingine. Tena, baada ya miaka mingi, watu walikuwa wamekuja kwake wakimhitaji. Baadaye alikiri kwa Rodah kwamba ilikuwa tamu kidogo, na kwamba utamu huo ulimwaibisha.

Asubuhi alisimama kwenye kituo cha maziwa, akasema kwa sauti ya kawaida, "Aliyechukua mota anajijua. Jumamosi jua likitua kama haijarudi, mimi na ndugu zangu tutapanda kilima." Akavaa kofia yake akaenda kuchuma chai. Hakuongeza neno. Hakulaani mtu.

Ijumaa mota ilikutwa nyuma ya kanisa ndani ya gunia, na kando yake alikuwa ameketi Aron, kitinda mimba wa Nicholas, akiungama kwa kila aliyepita. Alikuwa ameiuza kule Mulot, akarudi kuinunua tena. Nicholas aliwaomba watu msamaha, watu wakasamehe, tangi likaanza kunguruma. Ila tangu siku hiyo Nicholas alikunywa chai ya Jumapili akiwa ametazama upande mwingine.

Mahindi yalikuwa bado shambani Aron alipogongwa na lori kwenye barabara ya Narok, akiwa juu ya bodaboda, akafa papo hapo. Barabara ile inaua watu kila msimu na hakuna anayeuliza wamelaaniwa na mzee gani. Kwa Aron tu ndipo watu walipouliza. Siku ya mazishi Chepyegon alishika birika kama kawaida yake, akaanza kupita kati ya viti. Mikono ikafunika vikombe. Alipita safu nzima, akarudisha birika likiwa limejaa.

Baraza la kanisa liliitwa. Pasta Osoro alimweleza kwamba ameshtakiwa kwa uchawi.

"Nina swali, Pasta," Chepyegon alisema, kama aliyekuwa darasani Jumatano. "Maneno yangu yaliua yule kijana, ama hayakuua? Kama yaliua, basi mnaamini ile nguvu mlinifanya nikane, na mmeokoka bure. Kama hayakuua, nimekosa nini?"

Pasta hakuwa mjinga, wala hakuwa mtu mbaya. "Hayakuua, mzee," alisema. "Kosa si hilo. Hawa watu walikuwa wanajifunza kutembea bila hofu ya zamani. Wewe umewarudishia, na ulijua unachofanya. Mtu akimwelekezea mwenzake bunduki isiyo na risasi, bado amefanya kitu."

Jibu hilo lilimchoma Chepyegon kwa sababu lilikuwa na ukweli ndani yake.

"Sawa," alisema. "Nimekubali. Sasa ulizeni pia ni nani alinipa bunduki."

Wanakamati wawili walimtazama Nicholas. Nicholas alitazama viatu vyake. Na nani angemhoji mtu ambaye udongo wa kaburi la mwanawe haujakauka? Pasta alijua, ilionekana usoni mwake kwamba alijua, akapigisha kura. Mikono iliinuliwa, na wa Nicholas ulikuwemo. Chepyegon alitengwa na meza ya Bwana, na chai akapewa mwingine. Darasa la Jumatano lilisimamishwa mpaka hali itulie. Mpaka leo haijatulia. Kumbe akili ilikuwa ya kupimia mashine na mahari. Ilipofika zamu ya kuwapima wazee wa kanisa, mlango ukafungwa.

Wakirudi nyumbani alimuuliza Rodah lile swali aliloishi nalo. "Baba yako alinipa wewe kwa kuogopa?"

"Sana," Rodah alijibu. "Alikosa usingizi. Mimi ndiye sikuogopa."

Chepyegon alicheka, na hicho ndicho kicheko chake cha mwisho katika habari hii.

Mvua ndefu zilipoanza, Nicholas alikuja peke yake, akaingia mpaka ndani, akaketi. Alikuwa amekonda. Alisema mkewe hali chakula, na mwanawe mkubwa ameacha kazi Bomet kwa sababu hathubutu kuvuka barabara.

"Mzee, umechukua mmoja," alisema. "Sikulaumu. Toa hiyo kitu, hawa wengine wanibakie."

"Nicholas, hakuna kitu. Ni wewe uliniambia ni maneno tu."

"Toa, mzee." Akapiga magoti pale sakafuni.

Chepyegon alimtazama mtu huyo aliyeinua mkono wake kwenye baraza. Hasira ilimjaa, akatamani kumwacha hapo hapo chini. Lakini akisema hakuna kitu, watoto wa huyu wataishi wakilisubiri lori. Akisema ametoa, amekiri mwenyewe kwamba aliua. Lilikuwa swali zuri la Jumatano, na hakukuwa tena na Jumatano ya kulipeleka.

Rodah alileta chai. Chepyegon aliimimina mwenyewe.

"Inuka, ukae kwa kiti," alisema. "Kunywa chai yangu. Mtu hawezi kuwa na ubaya na yule anakunywa kwake."

Alimaanisha anywe kama mtu na jirani yake. Alimaanisha ile Jumapili ya kwanza. Nicholas alishika kikombe kwa mikono miwili, akafumba macho, akanywa ikiwa moto hivyo hivyo bila kupumua, machozi yakimtoka, kisha akakiinamisha ili Chepyegon aone kwamba hakuna kilichobaki. Chepyegon alingoja, birika mkononi.

"Imetoka?" Nicholas aliuliza.

Mzee aliliweka birika chini. Rodah akageuka kumtazama.

"Imetoka," alisema.

Juma lililofuata walikuja wale wanakamati wawili. Baada yao alikuja mama ambaye ng'ombe wake walikuwa wakitoa mimba, kisha vijana wa bodaboda kabla ya safari za mbali, kisha wazee wa kanisa, ambao hupitia nyuma, katikati ya michai, wasionekane na Pasta. Siku hizi Rodah huteleka sufuria kubwa tangu asubuhi, na bado maziwa hayatoshi. Wageni huketi, hunywa mpaka mwisho, huonyesha kikombe kitupu, huuliza kama imetoka, huenda zao. Nyumba ya Mzee Chepyegon haikosi mtu wa kunywa chai. Na katika wote hao, hajatokea hata mmoja wa kusema, "Ongeza."